Folda ya Dropbox ndani ya patisheni iliyosimbwa: je, mpangilio huu ni salama?

MtunzaHesabu:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada kuhusu jambo ambalo maelezo yake nimeyakuta vipande vipande tu. Ninafanya kazi ya uhasibu mjini Dodoma, na katika kompyuta yangu mpakato kuna orodha za mishahara, namba za mlipakodi na nakala za vitambulisho vya wateja. Kwa kuwa kompyuta hiyo husafiri nami kwenye mabasi, niliigawa diski yake sehemu mbili: C: imebaki na Windows 11 Home, na patisheni ya pili, yaani sehemu ya pili ya diski, nimeisimba kwa programu ya VeraCrypt ili isisomeke bila nenosiri, nayo ikifunguliwa huonekana kama V:. Folda ya Dropbox, inayojisawazisha na hifadhi ya mtandaoni, nimeihamishia huko V:, ili nakala ya kazi iwepo mtandaoni endapo kompyuta itaibwa au kuharibika.

Tatizo ni kwamba Dropbox huanza kufanya kazi mara tu ninapoingia kwenye Windows, wakati V: bado imefungwa, kwa hiyo hunieleza kwamba folda yake haionekani na kunitaka nichague la kufanya. Ningependa kujua namna ya kuipanga ili isubiri. Pia nina hofu kwamba siku moja programu itadhani mafaili yote yamefutwa, kisha iyafute na yale ya mtandaoni. Ofisini kuna kompyuta nyingine yenye Ubuntu, inayotumia akaunti hiyo hiyo, na patisheni yake ya data imesimbwa kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux. Je, nayo ina hatari hiyo? Mwisho, mwenzangu mmoja anasema kwamba maadamu diski imesimbwa, hata yaliyoko mtandaoni yamesimbwa. Sina uhakika kama hilo ni kweli.

Mzee_Kipanga:

Ndugu MtunzaHesabu, tuanze na utaratibu wa kuwasha. Dropbox haina namna ya kujua kwamba V: itafunguliwa baadaye kidogo, inachokiona ni kwamba mahali ilipoambiwa folda ipo, hapapo. Ujumbe ule wenyewe hauna madhara, maana programu husimama na haifuti kitu. Hatari iko kwenye jibu utakalolitoa ukiwa na haraka. Ukikubali ianze upya, itaunda folda mpya kwenye C: na kuanza kuipakulia kila kilichoko mtandaoni, na hapo orodha zako zote za mishahara zitakuwa zimekaa kwenye diski isiyosimbwa, bila wewe kugundua lolote hadi siku C: itakapojaa. Kwa hiyo ujumbe huo ukitokea, izime programu, fungua V:, kisha uiwashe tena.

Dawa ya kudumu ni kuizuia Dropbox isianze yenyewe, jambo linalowezekana ndani ya mipangilio yake, halafu uandike faili dogo la amri, lenye kiambishi cha .bat, litakalofanya kazi hizo mbili kwa mfuatano. Mstari wa kwanza uanze na `start /wait`, uiite VeraCrypt pamoja na `/v` na anwani ya patisheni yako, `/l V` kwa ajili ya herufi, na `/q` ili ijifunge ikishamaliza. Dirisha la nenosiri litatokea, na mstari unaofuata hautatekelezwa hadi utakapolijibu. Mstari wa pili uanze na `if exist V:\Dropbox\`, kisha ndipo uiite Dropbox. Ukikosea nenosiri na kughairi, folda haitakuwepo, na Dropbox haitawashwa. Weka njia ya mkato ya faili hilo kwenye folda ya Startup, nawe utakuwa unaulizwa nenosiri moja tu kila unapoingia. Usilitie nenosiri lenyewe ndani ya faili hilo, ingawa VeraCrypt inaruhusu, kwa sababu faili hilo liko C: na mwizi atalisoma kabla hajasoma kitu kingine.

Kufunga nako kuna utaratibu wake, na huku ndiko watu wengi hawaangalii. Zima Dropbox kwanza, ndipo uifunge V:. Katika mipangilio ya VeraCrypt kuna uwezo wa kuifunga patisheni yenyewe pindi kompyuta inapolala au isipotumika kwa muda, na chini yake kuna kisanduku kinacholazimisha kufunga hata kama kuna mafaili yaliyo wazi. Kisanduku hicho kinaendana vibaya na programu yoyote ya kusawazisha, kwa kuwa programu hiyo inaweza kuwa katikati ya kuandika faili wakati diski inapoondolewa chini yake. Hakikisha pia kwamba patisheni imeumbizwa kwa NTFS, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Windows. OneDrive, huduma ya Microsoft inayofanana na Dropbox, kwa mfano, tangu mwaka 2017 haikubali folda yake iwe kwenye FAT32 wala exFAT, na wengi huumbiza patisheni ya VeraCrypt kwa exFAT bila kulifikiria hilo.

Pwani_Linux:

Hofu yako ya pili ina msingi, lakini ukubwa wake unategemea mfumo. Kwenye Windows, patisheni ikifungwa, herufi V: hutoweka kabisa, na programu hujua kwamba diski haipo. Kwenye Ubuntu mambo ni tofauti, kwa sababu patisheni ikifunguliwa hupachikwa juu ya folda ya kawaida, tuseme /home/ofisi/Salama, na ikifungwa folda hiyo haitoweki, bali inabaki tupu. Programu ya kusawazisha iliyoelekezwa kwenye folda hiyo inaweza kuona utupu na kuutafsiri kuwa ni uamuzi wa mwenye kompyuta kufuta kila kitu, kisha ikaupeleka uamuzi huo kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, na kwenye kompyuta nyingine zote.

Waandishi wa programu hizi wanaijua hatari hiyo, na kila mmoja ameikabili kwa njia yake. Syncthing huweka alama iitwayo .stfolder ndani ya folda, na isipoiona husimamisha kazi na kukueleza kwamba alama imepotea. Programu ya Nextcloud ya kompyuta ina mpangilio wa kuuliza kwanza inapoona mafaili yote yametoweka kwa mpigo. Amri ya `rclone sync` haiulizi. Chanzo kikiwa kitupu, itahakikisha na upande wa pili unakuwa mtupu, isipokuwa uwe umeiwekea kikomo kwa `--max-delete`. Mimi sitegemei busara ya programu yoyote. Ninafanya mambo mawili ambayo hayaniachi nikiwa na wasiwasi.

La kwanza, folda ya kusawazisha isiwe palepale patisheni inapopachikwa, bali iwe ngazi moja ndani, yaani /home/ofisi/Salama/Dropbox. Patisheni ikiwa imefungwa, folda hiyo ya ndani haitakuwepo kabisa, na programu itaona kukosekana badala ya kuona utupu, jambo ambalo ni rahisi zaidi kwake kulielewa. La pili, patisheni ikiwa imefungwa, toa amri ya `sudo chattr +i /home/ofisi/Salama`. Amri hiyo huifanya folda iliyo chini isiandikike na mtu yeyote, hata msimamizi mkuu wa mfumo, mpaka alama hiyo iondolewe. Patisheni ikipachikwa juu yake, uandishi unaendelea kama kawaida, kwa kuwa sasa unaandika kwenye patisheni na si kwenye folda ya chini. Programu ikijaribu kupakua kitu wakati patisheni imefungwa, itakataliwa. Hiyo inaziba pia ule mtego alioutaja Mzee_Kipanga, wa mafaili kushukia kwenye diski isiyosimbwa.

Kama unaiwasha programu kupitia systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ongeza `ConditionPathIsMountPoint` yenye njia hiyo kwenye faili la huduma, na itarukwa bila kuanzishwa ikiwa patisheni haijapachikwa. Usitishwe na mijadala ya zamani inayosema Dropbox haikubali diski zilizosimbwa kwenye Linux. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza kwamba itakubali mfumo wa mafaili wa ext4 pekee, na waliosimba folda zao za nyumbani kwa eCryptfs waliachwa nje, lakini mwaka 2019 eCryptfs, Btrfs, XFS na ZFS zilirudishwa. LUKS haikuwahi kuwa tatizo, kwa sababu inafanya kazi chini ya ext4 na Dropbox haioni chochote isipokuwa ext4 yenyewe.

Hata ajali ikitokea, akaunti ya kawaida ya Dropbox huhifadhi yaliyofutwa kwa siku 30. Kwa mhasibu anayefungua baadhi ya mafaili mara moja kwa mwaka, siku hizo ni chache mno, kwa hiyo uwe na nakala rudufu nyingine kwenye diski ya nje ambayo haisawazishwi na kitu chochote.

Bi_Salama:

Swali lako la mwisho ndilo ningelitanguliza mimi, kwa sababu mwenzako amekosea, na kosa hilo ni la kawaida sana. VeraCrypt husimba yale yaliyoandikwa juu ya diski. Programu yoyote inayosoma V: ikiwa wazi hupewa faili likiwa limeshafumbuliwa, na Dropbox ni programu kama Excel ilivyo. Faili linapandishwa likiwa wazi kwa maana hiyo. Linasimbwa njiani kwa TLS, usimbaji wa mawasiliano ya mtandao, kisha kampuni hulisimba tena kwenye seva zake kwa AES ya biti 256, lakini funguo za usimbaji huo zinashikwa na kampuni, si wewe. Yeyote atakayepata nenosiri la akaunti yako ya Dropbox atasoma kila kitu bila kuigusa VeraCrypt.

Kwa hiyo jiulize unamlinda mteja wako dhidi ya nani. Patisheni iliyosimbwa inamlinda dhidi ya mwizi wa stendi aliyeondoka na begi wakati kompyuta imezimwa. Haimlindi dhidi ya mtu aliyeingia kwenye akaunti yako, wala dhidi ya programu hasidi iliyoko kwenye kompyuta wakati V: iko wazi. Na kwa kuwa umeweka programu ya kusawazisha, V: itakuwa wazi kutwa nzima, tofauti na mtu anayeifungua kwa dakika chache na kuifunga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakudai ulinzi wa taarifa za wateja popote zilipo, na ina masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi, nako ndiko seva hizo nyingi ziliko.

Ushauri wangu ni programu ya Cryptomator. Unaunda kuba, yaani hifadhi iliyofungwa kwa nenosiri, ndani ya folda ya Dropbox, na kila faili unaloliweka kwenye kuba husimbwa moja moja, pamoja na jina lake, kabla Dropbox haijaliona. Anayelitazama wingu huona idadi ya mafaili, ukubwa wake wa kukadiria na tarehe, basi. Kwenye kompyuta haina malipo. Ukikuta maelezo ya zamani yanayopendekeza Boxcryptor, programu ya kazi kama hiyo, yapite tu, kwa kuwa Dropbox ilinunua teknolojia yake mwaka 2022 na Boxcryptor haipokei tena wateja wapya.

MtunzaHesabu:

Nawashukuru wote, na nimekwisha kuondoa kile kisanduku cha kulazimisha kufunga. Kabla sijajifunza programu nyingine, naomba kuuliza: kwa nini nisitengeneze kontena la VeraCrypt, yaani faili moja kubwa lililosimbwa, nikaliweka ndani ya Dropbox? Hapo kinachopanda kitakuwa kimesimbwa, na nenosiri ni lile lile nililolizoea. Kinachonitia shaka ni bando, maana kontena la GB 10 likipandishwa upya kila ninapobadilisha seli moja ya Excel, mshahara wangu wote utaishia kwenye mtandao wa simu.

Mzee_Kipanga:

Kwa upande wa bando, jibu linategemea programu. Dropbox hulikata faili katika vipande vya MB 4 na kupandisha vile vilivyobadilika tu. VeraCrypt nayo hutumia usimbaji wa namna ya XTS, ambao ukibadilisha sehemu ndogo ya data, ni sehemu hiyo tu ya kontena inayobadilika, kwa hiyo viwili hivyo vinaelewana. OneDrive ilipata uwezo kama huo kwa mafaili ya kila aina mwaka 2020. Upande wa Google Drive, kwa miaka mingi hapakuwa na uwezo huo, kwa hiyo hakikisha kwanza kabla ya kuutegemea. Bila uwezo huo, kontena hupanda lote.

Kuna jambo ambalo linawapotosha watu zaidi ya bando. Kwa kawaida VeraCrypt huirudisha tarehe ya mabadiliko ya kontena ilivyokuwa awali, ili asiyehusika asijue lini lilitumika mara ya mwisho. Programu ya kusawazisha huitazama tarehe hiyo, huona haijabadilika, nayo huliacha faili kama lilivyo. Unaweza kufanya kazi mwezi mzima ukiamini kwamba nakala iko mtandaoni, kumbe iliyoko huko ni ya mwezi uliopita. Mpangilio huo uko kwenye Preferences za VeraCrypt na unapaswa kuzimwa. Aidha, Dropbox haiwezi kulipandisha kontena vizuri wakati liko wazi, kwa hiyo usawazishaji halisi hutokea baada ya kulifunga.

Hata ukiyapanga yote hayo, wewe una kompyuta mbili. Kontena likifunguliwa kwenye kompyuta mpakato na kwenye ile ya ofisini kwa wakati mmoja, Dropbox haina uwezo wa kuunganisha mabadiliko yaliyo ndani yake. Itatengeneza nakala ya pili yenye jina la mgongano, nawe utabaki na makontena mawili ya GB 10, kila moja likiwa na kazi ambayo jingine halina. Waandishi wa VeraCrypt wenyewe wanatahadharisha pia kuhusu mtu anayeweza kupata matoleo mengi ya kontena lile lile kwa nyakati tofauti, kwa kuwa akiyalinganisha ataona ni sehemu zipi zinazobadilika. Na Dropbox huhifadhi matoleo ya zamani, kama inavyohifadhi yaliyofutwa. Kontena lafaa kwa nakala rudufu ya mwisho wa mwezi isiyoguswa tena. Kwa kazi ya kila siku silipendekezi.

Bi_Salama:

Ninakubaliana na Mzee_Kipanga, na ningependa kuongeza kitu ambacho nadhani kinabadilisha swali la mwanzo lenyewe. Ukitumia Cryptomator, folda ya Dropbox haina tena ulazima wa kukaa V:. Kilichomo ndani yake ni mafaili yaliyosimbwa tayari, kwa hiyo inaweza kukaa C: na kuanza pamoja na Windows bila kusubiri chochote. Wewe utalifungua kuba pale unapotaka kufanya kazi na kulifunga unapomaliza, na Dropbox haitajua wala haihitaji kujua. Haitaona folda iliyotoweka, haitaona folda tupu, na hakutakuwa na faili la .bat la kutunza. Mgongano ukitokea kati ya kompyuta mbili, unahusu faili moja la Excel, si hazina yote.

Mzee_Kipanga:

Hapo tunatofautiana kidogo. Cryptomator inalilinda faili likiwa ndani ya kuba, lakini kazi haifanyiki ndani ya kuba peke yake. Programu za ofisi huacha mafaili ya muda kwenye C:, Windows hutengeneza picha ndogo za nyaraka, na Google Drive ikitumiwa kwa njia ya kutiririsha huweka akiba yake kwenye folda ya mtumiaji huko huko C:. Zaidi ya hayo, kompyuta ikilala usingizi mzito wa hibernate, Windows huandika yote yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, katika faili lililoko C:, na funguo za patisheni au kuba lililokuwa wazi zinaweza kuwa humo. Patisheni ya V: peke yake haikuzuia hayo, na Cryptomator peke yake haitayazuia.

Kwa hiyo ningesimba diski yote. Windows 11 Home haina BitLocker kamili, yaani usimbaji wa diski wa Windows wenyewe, lakini VeraCrypt inaweza kuisimba patisheni ya mfumo, ukaulizwa nenosiri kabla Windows haijaanza. Windows ikishaamka, kila kilichoko C: kiko wazi, na folda ya Dropbox ikikaa huko, lile swali la nani atangulie linakufa lenyewe. Uzime Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, ambayo VeraCrypt yenyewe hutoa onyo juu yake, na kabla ya kuanza chukua nakala rudufu kamili pamoja na diski ya uokoaji ambayo VeraCrypt itakutaka uitengeneze.

Bi_Salama:

Hilo silipingi. Diski nzima ni kwa ajili ya mwizi, kuba ni kwa ajili ya wingu. Nilichokuwa nikisema ni kwamba patisheni ya katikati, isiyolinda C: wala wingu, ndiyo inayompa usumbufu wote bila kumpa kinga inayolingana nao.

MtunzaHesabu:

Nimeelewa, na nitafuata njia hiyo: kusimba diski yote mwishoni mwa wiki hii, kisha kuba kwa ajili ya mafaili ya wateja, na mafaili ya kawaida yabaki kwenye Dropbox bila kuba ili niweze kuyashiriki kwa kiungo. Swali dogo la mwisho: kabla sijaunda ile patisheni, mafaili haya yalikuwa kwenye C: kwa muda mrefu. Niliyafuta. Je, inatosha?

Pwani_Linux:

Kama diski yako ni SSD, kufuta hakukupi uhakika, na programu zinazodai kulifutilia mbali faili moja moja hazikupi pia, kwa sababu diski yenyewe huamua data iandikwe wapi na inaweza kuacha nakala ya zamani mahali ambapo mfumo hauwezi kupafikia. TRIM, amri inayoiambia SSD sehemu zisizotumika tena, husafisha sehemu kubwa ya mabaki baada ya muda, si lazima yote. Utakapoisimba C:, VeraCrypt itapitia patisheni yote, pamoja na nafasi inayoonekana kuwa tupu, na kuiandika upya ikiwa imesimbwa. Hilo litafunika karibu mabaki yote yanayofikika. Usisahau kuangalia mapipa ya taka ya kompyuta zote mbili, na yale yaliyofutwa kwenye tovuti ya Dropbox, ambayo unaweza kuyaondoa moja kwa moja bila kungoja siku 30. Kwenye akaunti hiyo washa na uthibitishaji wa hatua mbili.

MtunzaHesabu:

Uthibitishaji wa hatua mbili nimeuwasha sasa hivi. Kwenye pipa la taka la Ubuntu nimekuta orodha za mishahara za mwaka juzi, na ninaziondoa.